Mwenyeji wa Gasa

Bi. Mwende Kiilu alinyamaza katikati ya neno. Alikuwa akieleza kiasi cha mvua kilichonyesha milimani, akafika "mtere—", mkono wake wa kulia ukadondoka pajani kama kitu kisicho chake, na taswira yake iliyokuwa imeketi mkekani mbele ya Zeituni ikaanza kuinamia upande mmoja.

"Bi. Mwende?" Zeituni aliita. "Bi. Mwende!"

Aliinuka, akanyoosha mkono amshike, vidole vyake vikapita kwenye mwanga. Bi. Mwende alikuwa ofisini kwake Machakos, safari ya siku nzima kutoka Malkadera. Kilichoketi hapa kilikuwa sura yake tu.

"Pete ya mwenyeji haisomi mapigo ya kawaida," ilisema sauti ya Mratibu, mashine ya kikao, tulivu kama ya mtu anayetangaza hali ya hewa. "Msaada wa matibabu umekwisha itwa. Kikao kisicho na mwenyeji hufungwa. Mwenyeji mwenza, Zeituni Komora, unapokea uenyeji?"

"Subiri kwanza! Mtu ameanguka!"

"Unapokea uenyeji?"

Injinia Nyaga Kithumbi, mjumbe wa wilaya za juu, alikuwa amesimama tayari, naye kwa taswira, kofia ya kazini mkononi. "Pokea, dada. Kikao kikifa bila mwenyeji, hatuwezi kukifungua tena mpaka Jumatano ijayo, na hii mvua haitatungoja."

"Napokea," Zeituni alisema.

Pete iliyokuwa kidoleni mwake ikapata joto.

Kikao chenyewe kiliitwa Gasa, jina la baraza la wazee wa Wapokomo wa kale, na kilikutana kila Jumatano asubuhi. Zamani maji ya mto yalikuwa yameachiwa mashine. Ilipima, ikakokotoa, na msimu mmoja wa kiangazi ikalifunga lango la bwawa la Kolosa kwa kuwa hesabu ilionyesha kwamba kuwakatia wachache maji kungewaokoa wengi. Hesabu haikuwa na kosa. Lakini wachache wale walikuwa na majina, na walipokwisha kuzikwa sheria ikatungwa: lango halitafunguliwa wala kufungwa ila kwa kikao cha watu, chini ya mwenyeji ambaye moyo wake unasikika ukipiga. Mashine ingetekeleza, isingeamua. Viti vikawa vitatu, Juu, Kati na Delta, na "hapana" ya kiti kimoja ilitosha kuzuia jambo. Mjumbe aliyeitwa asifike alihesabiwa hakuhudhuria, na kikao kiliendelea bila yeye.

Mwenyeji alikuwa mmoja, Bi. Mwende, aliyekianzisha kikao na kukimiliki. Mwaka huu, baada ya kusihiwa sana, alikubali kumpa Zeituni, aliyekalia kiti cha Kati kwa niaba ya Malkadera, uenyeji wenza. Zeituni aliweza kusoma maazimio na kumpa mtu zamu ya kusema. Mengine yalibaki kwa Bi. Mwende.

Sasa yote yalikuwa kwake, na jambo la kwanza aliloliona lilimfanya asahau kuketi. Pembeni mwa macho yake paliwaka taa ndogo ambayo hajapata kuiona, na chini yake maandishi: *Barisa Godhana, Delta. Yumo ukumbi wa kungojea. Anangoja kuruhusiwa.*

Alikuwa akingoja tangu kikao kilipoanza.

Zeituni alikumbuka Bi. Mwende alivyofungua kikao asubuhi ile, kama alivyokifungua Jumatano nyingi kabla yake: "Delta hawajafika, kama kawaida yao. Tuendelee." Pale Malkadera hata watoto walikuwa na msemo, kuchelewa kama mtu wa delta. Yeye mwenyewe alikuwa ameutumia.

"Injinia," alisema, "Barisa yupo mlangoni."

Nyaga aliigeuza kofia mkononi. "Funga kikao, dada. Ukikifunga wewe, tunaweza kukiitisha tena kwa dharura; leo si siku ya mambo hayo. Mama wa watu anaumwa."

Na kwa kuwa kweli Bi. Mwende alikuwa amelala sakafuni huko Machakos na watu wakikimbilia mlangoni pake, Zeituni alifunga. Taa ndogo ikazimika bila kujibiwa.

*

Habari zilikuja kwamba Bi. Mwende yu hai ila hawezi kutamka neno. Mvua haikukatika. Ijumaa asubuhi Nyaga alimpigia Zeituni faraghani, nje ya Gasa. Taswira yake ilitokea sebuleni ikiwa na matope mpaka magotini.

"Niko juu ya bwawa," alisema. "Nimelala huku. Zeituni, ukuta unalia."

"Unalia vipi?"

"Kama mlango wa mbao unaosukumwa polepole na mtu asiyetaka kusikika. Upande wa kushoto, chini. Milango midogo yote nimekwisha iachia, haitoshi. Lazima lango kuu lifunguliwe lote, leo, na kufunguliwa kwake ni mpaka Gasa iseme. Nimeitisha kikao cha dharura, saa nane mchana."

"Maji yote hayo yatafika delta lini?"

"Kabla ya alfajiri."

"Na wale wanahitaji muda gani kuhama? Kuna mifugo, kuna wagonjwa. Huko barabara ni moja."

"Wakianza leo, mpaka kesho adhuhuri." Nyaga alijipangusa uso kwa kiwiko. "Nimekwisha kupiga hesabu hiyo, dada. Nimeipiga nikiiombea ibadilike."

Zeituni alielewa alikokuwa akielekea, lakini alitaka amsikie akisema.

"Barisa akiingia atasema hapana," Nyaga aliendelea. "Ningekuwa yeye ningesema hapana. Na hapana moja inafunga lango. Ukuta ukienda, unakuja na ziwa zima. Sisi chini yake hatutabaki, nyinyi Malkadera hamtabaki, na hao wa delta itawafikia zamu yao vilevile. Mwache ukumbini. Si kwa siku nzima, kwa muda mfupi tu. Azimio likipita, Mratibu atawapigia tahadhari, wakimbie watakaoweza."

"Watakaoweza."

"Unadhani mimi napenda?"

"Bi. Mwende alikuwa akifanya hivyo?"

Nyaga alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Unadhani vikao vyetu vilikwenda laini vile kwa nini? Hakuwa mtu mbaya, usinielewe vibaya. Kila mara alikuwa na sababu yake. Mara umeme wa hospitali, mara kiangazi, mara mpunga wa Malkadera. Ndiyo, mpunga wenu. Umenyweshwa kwa kimya cha Barisa miaka yote hii, na hakuna mtu wa Malkadera aliyewahi kuuliza maji yanatoka wapi."

Zeituni alitaka kujibu kwamba yeye hakujua. Aliona haitasaidia kitu.

"Mke wangu na wanangu wako chini ya ukuta huu," Nyaga alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Nimewaambia wapande mlimani, sijui kama wamefika. Tutakapokuwa tukimsikiliza Barisa, huenda kusiwe na wa kumsikiliza. Niambie utamwacha."

"Kikao ni saa nane, Injinia."

"Zeituni."

"Saa nane," alisema, akakata.

Kaka yake alikuwa amesimama barazani muda wote ule. Jilo Komora alikuwa mwenyekiti wa wakulima wa Malkadera, mtu mrefu, mgumu wa maneno, aliyemlea Zeituni baada ya baba yao kufa. Nyuma yake, chini ya mtelemko, mashamba ya mpunga yalienea mpaka macho yalikoishia, yameiva rangi ya shaba. Wakulima walikuwa wameanza kunoa miundu.

"Nimesikia," Jilo alisema. "Nyumba zetu ziko juu, lango likifunguliwa hazitaguswa. Mto utajaa, utapita zake. Sina neno juu ya lango." Alielekeza kidole kwenye mfereji mkuu uliochepuka kutoka mtoni na kuingia mashambani. "Ila hilo lango la mfereji lisiguswe. Wakulima wamenituma nikuambie. Liko chini ya kiti chako, na kiti ni chetu. Maji yakiingia humu sasa hivi, mwaka mzima umekwenda."

"Nani amesema yataingia?"

"Wewe unajua kwamba yanaweza. Na mimi nakujua wewe."

*

Saa nane taswira ya Nyaga ilikuwa mkekani kabla hata Zeituni hajaketi. Nje upepo ulikuwa ukiyatikisa mabati. Mnara wa mawasiliano uliokuwa kilimani ulivuma kama chupa inayopulizwa.

"Mapigo ya mwenyeji yanasomeka," Mratibu alisema. "Kiti cha Juu kipo. Kiti cha Kati kipo. Mmoja yumo ukumbini. Mwenyeji anaelekeza vipi?"

Nyaga alimtazama Zeituni.

Zeituni aliitazama taa. Ilimjia wazi kwamba hakutakiwa kufanya kosa lolote. Alitakiwa kukaa tu, asitamke, na kikao kingekwenda chenyewe kama kilivyozoea. Hata rekodi zingesema Barisa hakuhudhuria. Mama yake alikuwa amelala chumba cha pili, miguu haimbebi. Alimfikiria, akawafikiria watoto wa Nyaga wakipanda mlima katika mvua, na kwa kitambo alikuwa karibu sana kukaa kimya.

"Mwingize," alisema.

"Zeituni!" Nyaga alifumba macho.

Mtu aliyetokea mkekani hakuwa mzee aliyekuwa akimfikiria. Barisa Godhana alikuwa wa umri wake, amevaa shati lililopigwa pasi na kufungwa vifungo mpaka shingoni, ameketi wima kama mtu anayepigwa picha. Aliangaza macho huku na huku. Ilikuwa dhahiri kwamba alikuwa amejiandaa kungoja tena.

"Nimeingia?" aliuliza.

"Umeingia, ndugu Barisa. Karibu. Mimi ni Zeituni wa Malkadera, ndiye mwenyeji sasa."

"Naijua sauti yako, dada. Mlango ukifungwa, sauti za ndani huku nje husikika. Kinachokosekana ni za nje kusikika ndani."

Zeituni alikuwa ameandaa maneno ya pole, akayaacha. "Mratibu," alisema, "mfanye Barisa Godhana mwenyeji mwenza, kwa mamlaka yote sawa na yangu. Asiweze kutolewa wala kunyamazishwa na mtu yeyote, nikiwemo mimi."

"Mamlaka yote?"

"Yote."

"Umempa kisu," Nyaga alisema kwa uchungu, "sasa inamisha na shingo."

"Mnara wetu hautahimili upepo huu, Injinia. Nikikatika mimi na hakuna mwenyeji mwingine aliye hai, kikao kinakufa na lango lako linabaki limefungwa. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili, anachoombwa mtu huyu hakiombwi mtu aliyesimama mlangoni. Sasa mwambie. Mwambie kama ulivyoniambia mimi asubuhi."

Nyaga alimwambia. Kwanza kwa ukali, kisha ukali ukamwishia, akaeleza habari ya ukuta, ya sauti ile, ya watoto wake. Barisa alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mvua ilisikika kutoka sehemu zote tatu za mto.

"Kwa hiyo nikisema hapana," Barisa alisema taratibu, "huenda tukafa sote. Nikisema ndiyo, wangu watakufa usiku huu, wenu wapone."

"Ndiyo," Nyaga alisema.

"Miaka yote nimeomba kuingia humu, na siku niliyoingia ndiyo hii." Aliuangalia mkono wake wenye pete, kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nina swali moja. Mfereji wa Malkadera, je?"

Zeituni alikuwa akilingoja swali hilo tangu asubuhi, akiomba lisiulizwe.

"Nimeuona mfereji wenu," Barisa aliendelea. "Ni mpana kuliko mto wenyewe ulivyo huku kwetu wakati wa kiangazi. Ukifunguliwa wote, mashamba yenu yatachukua maji kiasi gani?"

Nyaga alimgeukia Zeituni, na usoni mwake mlikuwa na kitu kama matumaini yanayoona haya.

"Theluthi," Zeituni alisema hatimaye. "Huenda na zaidi. Yatatuama kule mabondeni na kurudi mtoni polepole."

"Injinia, theluthi ikibaki huko, maji yatatufikia lini?"

Nyaga alikwisha anza kuhesabu. "Yatapanda, hayatakuja kwa kishindo. Mahali pa chini kabisa yangefunika... kesho. Karibu na adhuhuri."

Zeituni aliona kwamba hata sasa njia ilikuwepo. Angeweza kusema kiti cha Kati hakikubali, na hiyo ingekuwa hapana halali, iliyotumwa na wenye kiti. Hakuna ambaye angemlaumu Malkadera. Wangempokea kwa vigelegele.

"Kiti cha Kati," alisema, "kinafungua mfereji. Wote. Mratibu, andika—"

Mlio mkubwa ulisikika kilimani, kama mti uliopasuliwa na radi. Mkeka ukawa mtupu. Pete ikapoa kidoleni.

*

Alikimbia hadi barazani. Mnara ulikuwa umelala ubavu, nyaya zake zikipigapiga majani.

Alijaribu simu ya mkononi, imekufa. Hakujua Mratibu alikuwa ameandika mpaka wapi. Hakujua kama Barisa alikisikia kiti cha Kati kikisema ndiyo, au alisikia nusu ya sentensi ya mtu wa Malkadera halafu kimya. Na kimya cha Malkadera Barisa alikifahamu vizuri. Huko mbali Barisa, sasa mwenyeji pekee aliye hai, alikuwa amebaki na Nyaga, na neno lake ndilo lililobaki.

Lango la mfereji lilikuwa na mtambo wake, lakini mtambo ulingoja amri ya Mratibu. Lilikuwa pia na usukani wa chuma wa kuzungushia kwa mkono, mkubwa kama gurudumu la trekta. Zeituni alitelemka kilima kwa kuteleza na kuinuka, nguo zimemganda mwilini. Jilo alikuwa amemtangulia. Alisimama juu ya daraja la lango, amejiegemeza kwenye usukani.

"Mnara umeanguka," Jilo alisema.

"Nimeuona."

"Basi sikiliza." Alipaza sauti kuushinda upepo. "Hakuna anayejua ulikuwa unasema nini. Mawasiliano yalikatika. Hiyo ni kazi ya Mungu, si yako wala si yangu. Rudi nyumbani ukamfunike mama."

"Nimekwisha sema, kaka."

"Umemwambia nani? Umeuambia mkeka! Mashine haikupokea. Na huyo Barisa, unajua amefanya nini? Pengine amesema hapana, lango limebaki limefungwa, na wewe utatuzamishia mpunga kwa mvua tu ya hivi hivi. Unajua?"

"Sijui."

"Sasa?"

"Sasa kama amesema ndiyo, amesema kwa sababu yangu. Ana wagonjwa kule, ana watoto wa watu. Amefungua maji yamjie mwenyewe kwa kuamini kwamba mimi niko hapa kwenye usukani huu. Kila dakika ninayosimama nikibishana na wewe nakuwa nimemdanganya."

"Na sisi?" Jilo alipiga kifua chake. "Sisi tuliokutuma?"

"Nyinyi nimewaasi. Hilo sitalipamba. Kesho mniite barazani nitakuja, mseme mtakalo. Lakini watu wale wamekaa mlangoni miaka mingi, Jilo, na sisi tukivuna. Sitawaweka mlangoni tena kwa kisingizio cha mnara."

Jilo hakusogea. Zeituni alipanda darajani, akashika upande wa pili wa usukani, akasukuma. Haukutikisika. Akaweka bega, akasukuma tena mpaka akaona vimulimuli machoni. Usukani ukalia, ukasogea kidogo. Jilo alimtazama. Angeweza kumwondoa pale kwa mkono mmoja kama alivyokuwa akimwinua utotoni, na kwa kitambo alionekana kama anayetaka kufanya hivyo.

Hakumwondoa. Lakini hakumsaidia pia. Aliachia usukani, akashuka darajani, akaenda kusimama kwenye tuta akiutazama mpunga.

Zeituni alizungusha peke yake. Ngozi ya viganja ilichunika, chuma kikawa kinateleza kwa damu na mvua, akavua mtandio akauzungushia, akaendelea. Lango lilipanda kidogo kidogo. Mwanzoni maji yaliyoingia mferejini yalikuwa yale ya kila siku, mepesi, yanayojua njia. Alipofikisha lango mwisho, alikaa chini juu ya daraja, akautazama mto upande wa juu. Mto ulikuwa umejaa, lakini ulikuwa ule ule wa asubuhi.

Alingoja. Mawazo mabaya yalimpitia moja baada ya jingine. Kwamba Barisa amekataa. Kwamba ana haki ya kukataa. Kwamba ukuta umekwisha pasuka na kinachokuja si maji ya lango.

Kwanza alihisi daraja likitetemeka chini ya miguu. Kisha sauti, pana, isiyo na mapumziko. Mto ulipogeuka rangi, ulianzia kwenye kona ya juu, kahawia nzito, ukiwa na magogo na povu, na ukapanda kingo kwa mpango, hatua kwa hatua, jinsi maji yanavyopanda lango linapofunguliwa na mtu anayelifungua kwa makusudi. Haukuwa ukuta. Lilikuwa lango.

"Amesema ndiyo," Zeituni alisema, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. "Amesema ndiyo."

Maji yakaingia mferejini kwa kishindo, yakajaa, yakamwagika tutani. Jilo alisogea nyuma, akasogea tena. Mpunga ulisimama kidogo ndani ya maji, vichwa tu vikionekana, kisha ukalala wote upande mmoja.

*

Mawasiliano yaliporudi, maji yalikuwa yameanza kushuka. Barisa ndiye aliyekifungua kikao.

"Ulipokatika," alimwambia Zeituni, "Injinia aliniambia nisingoje. Nilimjibu kwamba hata yeye mwenyewe hakukusikia ukimaliza. Akasema, kweli, sikumsikia. Hakunidanganya ingawa uongo ungemfaa, nami nikaona watu hawa naweza kuwaamini, nikasema ndiyo." Shati lake safari hii lilikuwa na matope, na nyuma yake watu walipita na magunia vichwani. "Maji yalikuja kama alivyosema. Watu wametoka. Isipokuwa Mzee Dulu wa Kipao ya Chini, alirudi kuwafungua ndama. Tumemzika jana."

"Innalillahi," Zeituni alisema. Nyaga aliinamisha kichwa.

Ukuta ulikuwa umesimama. Watu wa chini yake, mke na wana wa Nyaga wakiwemo, walikuwa salama, na nyumba na shule zilikuwepo. Nyaga alimtazama Barisa, akaweka mkono kifuani.

Siku hiyo walifanya jambo moja tu. Kikao kilitolewa katika jina la Bi. Mwende, kikawa cha viti vyote vitatu. Uenyeji ungezunguka kila Jumatano, na wawili waliobaki wangekuwa wenyeji wenza wenye mamlaka yote. Atakayefika ukumbini ataonekana na wote, na hatahesabiwa hakuhudhuria maadamu yumo. Mratibu aliuliza mara mbili kama mwenyeji ana hakika, kwa kuwa mamlaka ikigawanywa hairudishiki kwa mtu mmoja. Zeituni alisema ana hakika. Hilo lilikuwa azimio lake la mwisho.

Wakulima walimwita barazani, akaenda. Hakutafuta wa kumtetea. Aliwaeleza alichofanya tangu mwanzo, hata ile sehemu ambayo nusura akae kimya, akawaeleza pia maji ya miaka yote iliyopita yalikuwa ya nani. Wengine walilia kwa hasira, mama mmoja alimtemea mate miguuni, wawili watatu waliinama wasimtazame. Ilipopigwa kura, mikono ya kumwondoa kitini ilikuwa mingi mno kuhitaji kuhesabiwa. Kiti kikapewa Mwalimu Habona wa shule ya msingi. Zeituni alivua pete, akamvisha mwenyewe, kisha akakaa naye mpaka adhuhuri akimfundisha jinsi ya kuitumia.

Baada ya hapo alitelemka mashambani. Maji yalikuwa yamerudi mtoni na kuacha tope hadi magotini. Jilo alikuwa peke yake, akijaribu kuichomoa pampu ya shamba lao iliyozama nusu. Zeituni alisimama kando.

"Niliinua mkono kukuondoa," Jilo alisema bila kugeuka.

"Nilikuona."

"Ningeulizwa tena leo ningeuinua tena."

"Najua, kaka."

Jilo aliivuta pampu, ikamshinda, akanyooka akihema. Aliitazama mikono ya dada yake iliyofungwa vitambaa, akautazama mto, kisha tope lile lililofunika mwaka mzima wa kazi.

"Huyo mzee aliyerudia ndama," aliuliza, "alikuwa na watoto?"

"Wanne. Wote walitoka."

Jilo alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayekubali kitu kigumu ambacho hakijaisha kumuuma. Akainama tena.

"Shika upande ule," alisema. "Kwa viwiko, usitumie viganja. Nikisema inua, inua."

Zeituni aliingia topeni, akashika.

"Inua," Jilo alisema.